Majitu Yasiyo na Vifaranga

Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, Mama Bata alikuwa ameshafika uani na ndoo ya pumba. Bata walimlaki kwa makelele, kama wageni waliocheleweshewa chakula. Jina hilo la Mama Bata alipewa na majirani kwa utani. Siku hizi hata mumewe alilitumia.

Lakini asubuhi hiyo hakwenda uani kwanza. Alisimama ukumbini mbele ya friji, roho juu juu.

Friji hiyo haikugandisha kitu. Mumewe alikuwa fundi wa mafriji. Aliipata kwa mteja aliyetaka kuitupa, akang'oa mtambo wake wa baridi, akaweka balbu, feni ndogo, kipimajoto na sinia la maji. Sasa ilikuwa mashine ya kutotolesha vifaranga. Fundi aliipenda kuliko redio yake, na si jambo dogo hilo.

Mama Bata akafungua mlango. Mayai ya bata yalikuwa yamelala kimya. Muda wa kuanguliwa ulikuwa umepita, na hakuna hata moja lililopasuka. Akachukua moja, akalitikisa taratibu karibu na sikio. Ndani kulilia chubwi, chubwi.

"Vipi?" aliuliza mumewe, akitokea chumbani na bisibisi mkononi.

"Viza."

"Yote?"

"Yote, baba. Kama mara ya kwanza. Kama mara ya pili."

Fundi akaitazama friji yake kama mtu aliyesingiziwa wizi. "Usiniambie ni mashine. Nimeibomoa, nimeijenga upya. Joto liko sawa. Labda unafungua mlango ovyo."

"Nafungua ovyo? Mimi hata kukohoa karibu yake naogopa!"

Kwenye kigoda karibu na mlango alikaa mama mkwe, anafuma sweta. Hakuinua macho. "Mimi sisemi kitu," alisema.

Mama mkwe akisema hasemi kitu, tafuta pa kukaa, maana ana mengi.

"Sisemi kitu," aliendelea. "Ila bata hawa mama yangu alinipa nilipoolewa. Nimewafuga miaka yote, wakaangua, wakajaa uani hadi tukawa tunawaruka kwenda chooni. Nilipokukabidhi wewe, mke wa mwanangu, nilijua nimewaweka pazuri. Sasa mayai hayaanguliwi. Mashine haina mikono. Mwenye mikono ni nani?"

Mama Bata aliuma midomo. Maneno yale yalimwingia. Alitazama viganja vyake, akawaza: Labda ni kweli. Labda mkono wangu una kasoro. Tangu siku hiyo mama mkwe alimkataza kugusa mayai. Kila alipopita karibu na friji, alificha mikono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. Usingizi ukampaa. Chakula kikawa hakina ladha.

Ni lazima tueleze bata hao walikuwaje, kwa sababu shida yote ilianzia hapo.

Bata wa mama mkwe walikuwa wale wenye uso mwekundu uliojaa vinundu. Hawana kelele. Dume lao, lililoitwa Mheshimiwa, lilikuwa likitembea polepole, likitikisa mkia na kuhema tu kama pampu ya baiskeli. Halafu jirani mmoja alihama, akawaachia majike kadhaa meupe yenye mdomo wa njano. Hao ndio wapiga kelele. Mheshimiwa hakuchelewa kuwapenda wageni. Majike meupe yakataga, mayai yakaingia kwenye friji, vifaranga wakatoka.

Na vifaranga gani! Walikua haraka ajabu. Walikula kwa bidii, wakanenepa, wakawapita wazazi wao wote wawili. Familia ikawaita majitu. Fundi aliwapiga picha akawaonyesha wateja wake.

"Tuendelee na mbegu hii," alisema wakati ule. "Hawa wadogo wa zamani wa nini tena?"

Mama Bata alikubali. Ni nani angekataa? Wakawaondoa majike meupe. Wakawaondoa wenye uso mwekundu, kidogo kidogo. Wakabakiza Mheshimiwa na majike mawili mazee, nao siku zao zilikuwa zinahesabika. Mpishi wa bweni la wanafunzi alikuwa ameahidiwa kuwachukua Jumamosi. Baada ya hapo uani wangebaki majitu tu, mbegu bora, wazaliane hadi uani ujae.

Ila majitu yalitaga, na mayai hayakuanguliwa.

Ijumaa Mama Bata alipiga moyo konde akampigia simu daktari wa mifugo. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito na haraka nyingi.

"Ongeza maji kwenye sinia," alisema daktari. "Mayai ya bata yanapenda unyevu."

"Tumeongeza, daktari. Friji inatoa jasho."

"Punguza joto kidogo."

"Tumepunguza. Tukapandisha. Tukapunguza tena."

"Basi kwa simu nitakuwa nabahatisha tu. Kesho nina kazi huko kwenu. Nitapita."

Jumamosi ilifika, na Mama Bata aliamka kabla ya jogoo. Nani angefika kwanza, daktari au mpishi? Hakujua kwa nini jambo hilo lilimsumbua. Alijua tu kwamba wakiondoka wale wazee watatu, bata wa mama mkwe wamekwisha, na yeye ndiye atakayebaki akitazamwa.

Aliyefika kwanza ni mpishi. Alikuja na mkokoteni na tenga, akipiga mluzi. Fundi akamkamata Mheshimiwa, ambaye alihema kwa hasira yote aliyokuwa nayo. Tengani. Jike la kwanza likafuata. Jike la pili halikuonekana.

"Lipo nyuma ya tangi la maji," alisema mama mkwe. "Linaatamia. Siku nyingi sasa."

"Linaatamia nini? Mayai hayaanguliwi hapa," alisema fundi. Akainama nyuma ya tangi, akalitoa jike lile likipigapiga mabawa, akalitia tengani. Manyoya yakaruka. Mayai yakabaki wazi, bado yana joto.

Mama Bata akalishika tenga. "Baba, ngoja kidogo. Daktari amesema atapita."

"Daktari atawafanya hawa wazee wawe vijana?"

"Ngoja tu. Nakuomba."

"Mpishi ana kazi zake, mama."

"Kweli nina kazi," alisema mpishi, "lakini chai mkinipa nitangoja. Sijawahi kugombana na chai."

Basi chai ikamwokoa Mheshimiwa, kwa muda huo. Mpishi alikuwa anamalizia kikombe cha pili pikipiki ilipoguruma nje. Daktari aliingia na buti zenye matope, kofia ya pikipiki chini ya kwapa.

"Shikamoo, mama," alimsalimu mama mkwe.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Utusaidie. Nyumba hii imeingiwa na kitu."

"Tutakiona hicho kitu. Nipeni blanketi zito."

Blanketi likaletwa. Daktari akajifunika yeye na Mama Bata pamoja na friji iliyofunguliwa, wakawa gizani pamoja. Akawasha tochi ndogo. Akachukua yai la jitu, akaweka mwanga nyuma yake.

"Unaona nini?"

"Mwanga tu. Ni peupe."

"Hakuna kitu. Halikuanza kabisa. Na haya madogo chini ni ya nani?"

"Ya kuku wa jirani. Aliomba tumtotoleshee."

Daktari akamulika yai la kuku. Mama Bata akashtuka. Ndani kulikuwa na mishipa myembamba myekundu, imetanda kama mizizi, na katikati kitu cheusi kilichokuwa kinacheza.

"Kinapumua!" alinong'ona.

"Kinaishi. Ni nani aliyeyaweka haya humu?"

Mama Bata aliirudisha mikono nyuma. "Mimi. Kabla sijakatazwa."

Daktari akalitupa blanketi kando. Nywele zake zilikuwa zimesimama. "Mashine ni nzima," alisema kwa sauti. Fundi akavimba kifua. "Na mkono ulioweka mayai ni mzima." Mama mkwe akaitazama sindano yake ya kufumia. "Shida iko kwenye mayai yenyewe. Nionyesheni bata wanaotaga."

Wakatoka uani, mama mkwe naye na sweta lake, akakaa kwenye kigoda. Majitu yalikuwa yanaoga kwenye beseni, yamejaa hadi maji yamekwisha. Daktari aliyatazama muda mrefu. Kisha akamtazama Mheshimiwa tengani, uso mwekundu, akihema.

"Huyu ndiye baba?"

"Ndiye," alisema fundi.

"Na mama zao walikuwa weupe, mdomo wa njano, wapiga kelele?"

"Umejuaje?"

Daktari akajipiga paji la uso. "Na mimi nikakuambia uongeze maji kwenye sinia! Nilipaswa kuuliza kwanza ni bata gani. Kosa langu. Haya majitu hayazai. Mtasubiri mpaka mchoke."

Hata mpishi aliacha kunywa.

"Hayazaije?" aliuliza Mama Bata. "Yana afya kutushinda sisi. Yanapandana. Yanataga."

"Yana afya. Lakini baba yao ni bata wa aina moja na mama yao ni bata wa aina nyingine. Wote tunawaita bata, ila ni aina mbili mbalimbali. Ni kama punda na farasi. Wakikutana wanamzaa nyumbu. Nyumbu ana nguvu, lakini kwa kawaida hazai."

"Kwa sababu ya rangi?" aliuliza mama mkwe.

"Hapana, mama. Rangi si kitu. Bata mweupe na mweusi wa aina moja wanazaliana vizuri kabisa. Tofauti iko ndani." Daktari alitafuta maneno, akaona sweta lililolala mapajani mwa mama mkwe. "Hilo mbona limepinda?"

Mama mkwe akaguna. "Usinikumbushe. Kifua nimefuma mimi. Mgongo kafuma mdogo wangu, anaishi mbali. Mama yetu alitufundisha ua moja, tunalirudia, tunalirudia. Sasa yeye kwake karudia maua mengi mno, tena makubwa. Ukiunganisha, mabega hayakutani. Nimeshona, nimefumua, nimechoka."

"Mama, umenirahisishia kazi," alisema daktari, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Sikilizeni. Ndani ya mwili wa kila kiumbe kuna maelekezo ya urithi. Yanaitwa DNA. Ndiyo yanayosema mdomo uwe hivi, mguu uwe hivi. Yamo katika nyuzi nyembamba sana, huwezi kuziona kwa macho. Nusu ya nyuzi hutoka kwa baba, nusu kwa mama."

"Hayo nimeyasikia redioni," alisema fundi.

"Vizuri. Ila kuna jambo redio huenda haikukuambia. Sehemu kubwa ya maelekezo hayo ni kipande kilekile kinachorudiwa na kurudiwa. Kama ua la mama hapa. Tunaiita DNA inayojirudia. Na hiyo inabadilika upesi kuliko sehemu nyingine. Kizazi hiki marudio yanaongezeka kidogo, kizazi kile yanapungua, au yanahamia mahali pengine."

"Na haidhuru?" aliuliza Mama Bata.

"Mara nyingi bata wanaoishi na kuzaliana pamoja hawapati shida, kwa sababu wanachanganyika kila kizazi. Wanabaki wanafanana. Lakini kundi moja likigawanyika? Hawa huku, wale ng'ambo ya maji, hawakutani kwa miaka mingi, mingi sana kuliko tunavyoweza kufikiri. Kila upande unarudia maua yake kivyake. Polepole wanakuwa aina mbili. Babu zao wa kale kabisa walikuwa wamoja, kama wewe, mama, na mdogo wako mlivyofundishwa na mama mmoja."

Mama mkwe akalishika sweta kwa mikono miwili. "Lakini mbona majitu yametoka mazuri? Mwili umekubali."

"Swali zuri sana hilo. Kujenga mwili, nyuzi za baba na nyuzi za mama zinafanya kazi kila mmoja mahali pake. Hazilazimiki kushikana. Ni vipande viwili vya sweta: kila kimoja ni kizuri. Shida inakuja jitu linapotaka kutengeneza mbegu zake za uzazi. Hapo uzi wa baba na uzi wa mama lazima zilale sambamba, bega kwa bega, kabla ya kugawana. Kama maua hayalingani..."

"Mabega hayakutani," alisema mama mkwe polepole.

"Hayakutani. Mbegu haikamiliki. Yai linatagwa, lakini ni tupu."

Daktari akainua kidole. "Nisitie chumvi, lakini. Marudio hayo si sababu pekee. Kuna tofauti nyingine pia kati ya aina hizi mbili, na wataalamu bado wanachunguza ipi inafanya kazi gani. Wanachojua ni kwamba DNA inayojirudia ni mojawapo ya vitu vinavyosaidia kutenganisha makundi hadi yasizaliane tena."

Mama mkwe alikuwa na wasiwasi mwingine. Alimtazama mkwewe, akamtazama fundi. "Na watu je? Mwanangu huyu alioa kutoka mbali. Mbali kweli kweli."

Daktari akacheka mpaka ndoo ikayumba. "Mama, watu wote duniani ni aina moja. Utoke huku, utoke kule, mnazaana. Kama unataka ushahidi, ni nani yule anayekula pumba ya bata?"

Wote waligeuka. Mtoto mdogo wa Mama Bata, mjukuu wa mama mkwe, alikuwa amekaa katikati ya majitu, mashavu yamejaa pumba. Mama Bata akamkimbilia, akamtoa pumba mdomoni kwa kidole. Na hapo, akiwa ameinama, wazo likampiga moyoni.

"Daktari," alisema. "Kama majitu hayazai, basi wanaozaa hapa nyumbani..."

Hakumaliza. Wote walilitazama tenga. Mheshimiwa alitoa shingo kati ya fito, akahema.

"Ndio waliobaki?" aliuliza daktari. "Hawa watatu tu?"

"Ndio hao," alisema fundi kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nawapeleka kwenye sufuria."

Mama Bata alikuwa ameshafika nyuma ya tangi. Alipiga magoti. Aliyanyoshea mayai mkono, kisha akausimamisha hewani. Alikumbuka makatazo. Akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akatazama pembeni, lakini hakumkataza.

Mama Bata akayagusa. Yalikuwa yameanza kupoa.

"Tochi!" aliita. "Blanketi! Haraka!"

Chini ya blanketi alimulika yai la kwanza yeye mwenyewe. Mishipa myekundu. La pili, mishipa. La tatu lilikuwa tupu, akaliweka kando. La nne lilimchezea mbele ya macho. Akashusha pumzi, na machozi yakamtoka humo gizani, ambamo ni daktari tu aliyeyaona.

"Mrudisheni jike kwenye mayai yake," alisema daktari. "Na huyo bwana mwekundu, mfungulieni kabla hajapasuka kwa hasira."

Fundi akafungua tenga bila kubishana. Jike likatembea moja kwa moja hadi nyuma ya tangi, likapanga mayai kwa mdomo, likakaa. Mpishi akakuna kichwa. "Na mimi? Wanafunzi wangu wale nini, maelezo?"

"Chukua majitu," alisema Mama Bata. "Yana nyama mara mbili ya wazee hawa. Kazi yake ni hiyo."

"Hapo umesema!" alisema mpishi, akaanza kukunja mikono ya shati.

Kabla ya kuondoka daktari aliwapa ushauri. Wenye uso mwekundu wazaliane wenyewe kwa wenyewe. Watafute majike mengine ya aina hiyohiyo kutoka kwa mfugaji mwingine, ili ndugu wasipandane. Wakitaka majitu tena, waweke majike meupe kwenye banda la peke yake, wayapandishe kwa dume la uso mwekundu. Lakini majitu ni ya nyama. Wasiyawekee matumaini ya vifaranga. "Na mkinunua mbegu," alisema akivaa kofia, "ulizeni wazazi wake ni akina nani. Ukubwa pekee usiwadanganye."

Wiki zilizofuata hazikuwa rahisi. Mama Bata alimchungulia jike kila alipopata nafasi. Mvua ilinyesha, akaogopa baridi. Jua likachoma, akaogopa joto. Fundi alijenga ukuta katikati ya banda, akaweka milango miwili, akawa anamtania mkewe kwamba ataatamia mwenyewe. Mkewe hakucheka. Kila kitu cha nyumba ile kilikuwa chini ya jike lile moja zee, na yeye hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Kisha asubuhi moja, akiwa anachanganya pumba, alisikia mama mkwe akimwita kutoka nyuma ya tangi. Sauti ilikuwa ngeni. Ndoo ikamdondoka.

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kwenye matope, na mbele yake kikapu. Ndani ya kikapu alikuwa ametandika kile kifua cha sweta. Alikuwa ameamua kwamba mabega hayatakutana kamwe, na mgongo akaurudisha kwa mdogo wake.

"Sikiliza," alisema.

Kutoka chini ya jike kulitoka sauti nyembamba. Pii. Halafu nyingine.

"Mtoe, mama, umwone," alisema Mama Bata, akificha mikono nyuma. Mazoea hayaondoki upesi.

Mama mkwe akamshika kiwiko, akauvuta ule mkono mbele. "Mtoe wewe," alisema. "Mkono wako ulikuwa mzima siku zote. Kilichokuwa na kasoro ni mdomo wangu."

Mama Bata akaingiza mkono chini ya jike. Akadonolewa, akavumilia. Akautoa polepole, na kiganjani alikuwa amelala kifaranga mchanga, amelowa, anamlilia kwa nguvu zake zote.